Soketi imeungua? Usikimbilie kununua mpya, ikague kwanza hivi

Mimi fundi umeme hapa Dar, siku hizi naitwa sana na watu wanaotaka kupanga nyumba, wanataka nikague kabla hawajatoa kodi ya miezi sita. Naanza na soketi maana ukuta wenye nyumba wanapaka rangi upya ila soketi wanaziacha vilevile.

Hatua ya 1: macho na pua, usishike kitu. Angalia tundu la chini kulia, hilo ndo la layivu (waya unaoleta umeme), likiwa jeusi au plastiki imegeuka kahawia ujue palikuwa na moto. Nusa pia, soketi inayoungua ina kaharufu kama samaki, sio utani.

Hatua ya 2: chungulia matundu mawili ya chini. Yana vizibo vinavyofunguka pini ndefu ya ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) ikiingia, sasa sisi na chaja zetu za pini mbili tunasukuma na kalamu hadi vinavunjika. Ukiona chuma kinang'aa humo ndani na kuna mtoto nyumbani, ibadilishwe leo leo. Kama sio fundi ishia hapa.

Hatua ya 3: mita ya kupimia umeme. Layivu na nyutro (waya wa kurudisha umeme) isome kama volti 230, layivu na ethi karibu hivohivo, nyutro na ethi karibu na 0. Layivu na ethi ikigoma kusoma vizuri, ethi haipo au imekatika, na hii testa ya bisibisi haikwambii, yenyewe inawaka tu kwamba umeme upo.

Hatua ya 4: zima mein swichi, hakikisha tena na testa, fungua skrubu mbili, vuta soketi taratibu. Tikisa kila waya. Mara nyingi ule wa layivu unachomoka wenyewe, skrubu ililegea, pakawa panachemka kila wakipiga pasi. Kata sehemu iliyoungua mpaka ukutane na shaba safi ndo ufunge soketi mpya. Angalia na unene wa waya, soketi inataka wa 2.5 (milimita za mraba), kuna nyumba Tabata mwenye nyumba alishabadilisha soketi ya jikoni mara tatu, kufungua nakuta waya wa 1.5 umevutwa kutoka kwenye taa, halafu hapo wanachomeka jagi la umeme!

Piga picha kila soketi mbovu, mtumie mwenye nyumba WhatsApp kabla hujasaini mkataba, ukishahamia atasema umeunguza wewe.