Somo: Roboti linajibu, blogu yako haibofywi. Mwongozo kwa wenye tovuti wa Nyanda za Juu Kusini

Wadau, salaam kutoka Mbeya. Ujumbe ninaopokea siku hizi kutoka kwa wenye blogu wa huku kwetu, kuanzia Makambako hadi Tunduma, ni wa aina moja: makala iko juu kabisa kwenye Google, lakini wasomaji hawaji. Nimeona tulimalize humu kwa pamoja. Anayeendesha tovuti ya habari, kilimo, ajira au utalii, linamhusu.

Kwanza tuelewane nini kimetokea. Novemba 2022 ilikuja ChatGPT, roboti la akili mnemba linalojibu maswali, watu wakazoea kuuliza na kujibiwa palepale. Mei 2024 Google nao wakaanza, Marekani, kuweka muhtasari wa akili mnemba juu ya orodha ya viungo, na Oktoba mwaka huohuo wakausambaza kwenye nchi zaidi ya 100. Anayetaka kujua nafasi kati ya shina na shina la viazi mviringo anasoma jibu, anafunga simu, anarudi shambani. Jibu lenyewe limechotwa kwa watu kama sisi, ndiyo maana wengi wana hasira. New York Times waliwapeleka mahakamani OpenAI na Microsoft Desemba 2023. Sisi mawakili hao hatuna, basi tushike tunachokiweza.

HATUA YA 1: Pima kabla hujalia

Fungua Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti takwimu zake za utafutaji, nenda kwenye ripoti ya utendaji. Usilinganishe mwezi huu na mwezi uliopita! Huku mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Mtu anatafuta mbegu za mahindi kabla ya kupanda. Ikifika Februari hana habari nazo. Ukiweka Novemba na Februari bega kwa bega utaona anguko la kutisha, kumbe ni kalenda ya shamba tu. Linganisha miezi 3 ya karibuni na miezi ileile ya mwaka jana. Na kwa kuwa Search Console inatunza takwimu za miezi 16 tu, zipakue kila baada ya muda uziweke pembeni.

Sasa tazama makala moja moja. Kama kuonekana (mara ngapi kiungo chako kimetokea kwa anayetafuta) kuko palepale, nafasi yako kwenye orodha haijashuka, ila kubofywa kumepungua, basi huenda jibu linatolewa juu ya kichwa chako. Kama nafasi ndiyo imeshuka sana, huenda hilo si la muhtasari, Google wamekupanga upya, na dawa yake ni nyingine. Kama nafasi ni ileile lakini kuonekana kumeshuka, watu wameacha kuulizia jambo hilo. Muhtasari hauna safu yake kwenye ripoti, umechanganywa humohumo, hivyo utalazimika kutafuta maneno yako mwenyewe kwenye simu uone nini kinatokea juu. Kazi ya jioni moja. Wengi wanairuka na kukimbilia kubadilisha muonekano wa blogu, jambo ambalo halijawahi kumrudisha msomaji yeyote.

HATUA YA 2: Tenga makala zinazojibika kwa sentensi moja

"Kilimo bora cha viazi mviringo." "Faida za parachichi mwilini." "Historia ya Mkwawa kwa ufupi." Hizo tumeziandika wote, tena kwa kunakiliana, na roboti limezimeza zote. Usizifute, lakini usizipalilie tena. Bando na muda wako vipeleke hatua ya 3.

HATUA YA 3: Andika ulichokifuata kwa miguu

Hapa ndipo penye kazi. Nichukue bei ya viazi sokoni Mwanjelwa. Ukiandika "bei ya gunia la viazi Mbeya leo" na kuweka namba moja, hujamsaidia mtu. Gunia gani? Lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo, imekatazwa na sheria ya vipimo, lakini kila anayenunua viazi anajua kwamba kilemba juu ya gunia hakijaisha. Kwa hiyo andika: gunia lilipimwa kwenye mzani au lilikadiriwa kwa macho? Ni mbegu ya Kikondo au Arka? Vimetoka Uporoto au Njombe? Bei ni ya kushusha garini asubuhi au ya mezani mchana? Mkulima ndiye aliyeuza, au dalali? Weka tarehe na saa. Piga picha mwenyewe, gunia lionekane na mshono wake.

Makala hiyo roboti haliwezi kuitunga, kwa sababu halikuwepo sokoni. Linaweza kuinukuu, sawa, lakini mfanyabiashara anayetaka kupakia fuso kwenda Dar hataridhika na muhtasari, atataka kumwona aliyekwenda. Na kesho atarudi kwako kwa sababu bei ya kesho ni nyingine.

Wa utalii mambo ni yaleyale. Kila mtu ameshaandika kwamba Kitulo inaitwa Bustani ya Mungu na kwamba ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nani ameandika barabara ya kupanda huko iko hali gani baada ya mvua za wiki iliyopita, na gari dogo linafika au linaishia njiani? Wa Isimila, kule Iringa: jua la saa saba kwenye yale makorongo ni kali, kivuli kidogo, beba maji. Mambo madogo hayo ndiyo yanayomfanya mtu akuamini.

Jambo moja la uandishi: jibu liweke mwanzoni. Zile aya tatu za "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akilima" zitoe kabisa. Msomaji hana subira nazo.

HATUA YA 4: Mpate msomaji bila dalali

Google ni dalali. Alikuletea wateja miaka mingi, sasa ameamua kuuza mwenyewe. Fungua chaneli ya WhatsApp na kiungo chake ukiweke juu kwenye kila makala, si chini kabisa ambako hakuna anayefika. Kwa wasomaji wa vijijini wenye simu za kitochi, ujumbe mfupi bado unafanya kazi kuliko tunavyodhani. Tangazo la duka la pembejeo la hapo Uyole, ulilopatana nalo mwenyewe, nalo halitegemei umebofywa mara ngapi.

HATUA YA 5: Amua nani aingie

Roboti za kampuni zinazopita kwenye tovuti kuchota makala hujitambulisha kwa jina, na faili la robots.txt ndilo linalowaambia waingie au wasiingie. Wa Blogger, liko kwenye mipangilio, sehemu ya utambazaji na uorodheshaji. Kumzuia roboti la mafunzo la OpenAI unaandika hivi:

User-agent: GPTBot
Disallow: /

Hilo ni ombi, si kufuli. Waungwana wanaliheshimu, wahuni wanapita. Wenye Cloudflare, huduma inayokaa kati ya tovuti na wanaoitembelea, wana kizuizi chenye nguvu zaidi. Tangu Julai 2025 kampuni hiyo inazuia roboti za akili mnemba bila kuombwa kwa tovuti mpya zinazojiunga nayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mafinga: Kamwene, mwalimu. Nikimzuia Google-Extended, makala zangu zitatoka kwenye ule muhtasari wa juu?

Jibu: Kamwene. Hapana, na hapo wengi wanachanganyikiwa. Google-Extended ni jina la kuandika kwenye robots.txt, nalo linahusu kufundisha Gemini, akili mnemba ya Google. Muhtasari unatumia Googlebot, roboti lilelile la utafutaji. Ukimfungia, umejitoa Google nzima. Kuna alama ya nosnippet, inayozuia makala yako kutumika kwenye muhtasari, lakini hiyo inaondoa pia maelezo mafupi chini ya kiungo chako kwenye orodha ya kawaida. Kwa blogu ndogo sishauri.

Kijana wa Soweto Mbeya: Mkuu, mimi natumia hiyo hiyo akili mnemba kutoa makala ishirini kwa siku. Dawa ya moto ni moto, au vipi?

Jibu: Moto huo utakuunguza wewe, mdogo wangu. Machi 2024 Google waliweka kanuni dhidi ya kuzalisha makala kwa wingi zisizo na faida kwa msomaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Kutumia mashine kusahihisha tahajia au kupanga jedwali la bei si kosa. Ishirini kwa siku unazisoma saa ngapi?

Mama Parachichi, Njombe: Shikamoo mwalimu. Nina namba za wakulima wengi kwenye daftari. Naweza kuziingiza zote kwenye kundi la WhatsApp niwe natuma bei?

Jibu: Marahaba, mama. Waombe ruhusa kwanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Halafu kundini kila mmoja anaziona namba za wenzake, na matapeli wa pembejeo feki wanapenda sana makundi ya hivyo. Chaneli inaficha namba za wafuasi. Tuma kiungo, anayetaka ajiunge mwenyewe.

Mwenye gesti Tukuyu: Ugonile. Mimi sina blogu, nina vyumba tu. Wageni wa Ziwa Ngosi wanamuuliza roboti walale wapi, na mimi sitajwi.

Jibu: Ugonile, kaka. Anza na Google Maps: jina la gesti liwe sawa na la kwenye kibao cha barabarani, simu inayopokelewa, picha za vyumba ulizopiga mwaka huu, na ujibu maoni ya wageni, hata ya yule aliyelalamikia maji ya moto. Halafu utafute mwenye blogu ya safari hapo Rungwe umkaribishe alale siku moja, aandike alichokiona. Usimwambie aandike nini.

Mdau wa Mafinga: Swali la mwisho. Makala za zamani za bei nizifute?

Jibu: Usifute. Acha tarehe yake ionekane wazi juu, weka kiungo cha bei ya sasa. Bei za viazi za misimu mitatu mfululizo mahali pamoja, ni watu wangapi wanazo? Mnunuzi mkubwa atakupigia simu kwa ajili ya hizo.