Kabla hujanunua rimu kubwa za Prado

Ukitaka Toyota Prado 150 ya porini, usikimbilie rimu za inchi 18. Gari hilo kwa kawaida lilitoka kiwandani na tairi za 265/65R17 au 265/60R18 (upana kwa milimita, ubavu kama asilimia ya upana, kisha inchi za rimu), na kwa kimo tairi hizo karibu zinalingana, takriban milimita 776. Tofauti iko kwenye ubavu, yaani mpira kati ya rimu na ardhi: ya 17 ina milimita 172, ya 18 ina 159. Huo ubavu ndio unaomeza mawe na makorongo, na ndio unaokuokoa mchangani ukipunguza upepo, kwa sababu tairi linatanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Rimu kubwa inapendeza mjini tu.

Ukipanda hadi 265/70R17, gari linainuka kama sentimita 1.3, lakini mshale wa spidi utakudanganya: ukisoma 100, unakwenda karibu 103. Kata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uone kama tairi linagusa madigadi. Na tafadhali, spea iwe saizi ileile! Watu wengi husahau, wakapata pancha mbali na fundi.