Ukitaka kuandika wasifu wa Vazha-Pshavela

Anza na jina, maana hapo ndipo nilipoteleza mimi. Katika rasimu yangu ya kwanza walikuwemo watu wawili: Luka Razikashvili, mwalimu wa shule za vijijini, na Vazha-Pshavela, mshairi. Kumbe ni yule yule! Vazha-Pshavela ni jina lake la kalamu, lenye maana ya mwana wa Pshavi, nchi ya milima kaskazini-mashariki mwa Jojia. (Jojia ya Kaukasia, siyo ile ya Marekani.)

Tarehe nazo zina mtego. Pengine utasoma alizaliwa 14 Julai 1861, pengine 26 Julai, na wote wako sahihi. Dola ya Urusi, iliyoitawala Jojia wakati huo, ilikuwa bado inafuata kalenda ya zamani, iliyobaki nyuma siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 katika karne ya 20. Ndiyo maana alifariki 27 Juni 1915 kwa hesabu yao, 10 Julai kwa yetu. Shika kalenda moja hadi mwisho.

Masomo yake yamalize kwa sentensi mbili. Alihitimu chuo cha ualimu cha Gori mwaka 1882, akaenda St Petersburg kusomea sheria, hela zikamwishia, na 1884 akarudi kwao kufundisha. Baadaye alikaa Chargali, kijiji alichozaliwa, akilima, akiwinda na kuandika.

Wino wako uutumie kwenye tenzi zake. Mimi huchukua moja tu, "Aluda Ketelauri" ya 1888, nikaisimulia polepole. Aluda, shujaa Mkristo wa Khevsureti, nchi ya milima jirani na Pshavi, amemuua adui yake Mutsal, Mkisti, yaani mtu wa kabila la Waislamu wa milima hiyo. Mila inamtaka amkate maiti mkono wa kuume aende nao nyumbani uwe ushahidi. Anakataa. Amemwona Mutsal akipigana kiume hadi pumzi ya mwisho, na mkono ule hawezi kuukata. Kisha anamchinjia Mutsal fahali wa sadaka, mtu asiye wa dini yake, na kijiji kinamfukuza. Hapo msomaji wako atamjua mwalimu yule kuliko ukimwambia mara kumi kwamba alikuwa "mshairi mkubwa".

Ukifika kwenye kaburi lake, liko kwenye mlima Mtatsminda, Tbilisi, mji mkuu wa Jojia. Maandishi ya enzi zake yanauita mji huo Tiflis, kwa hiyo unapotafuta, tumia majina yote mawili.