SOMO: Namna ya kuchagua bunduki nyepesi ya kuwindia milimani

Wakuu, maswali kuhusu bunduki za milimani yamekuwa mengi, na karibu yote yanaanza na "ipi ni nyepesi kuliko zote?" Ukianza na swali hilo utaishia na bunduki tamu kuibeba na ngumu kuilenga. Tunatafuta bunduki ambayo hutaichukia baada ya kupanda tangu alfajiri, na ambayo bado inatulia mikononi ukiwa unahema na moyo unadunda hadi masikioni. Mambo hayo mawili yanavutana. Kazi yetu hapa ni kuamua wapi tupunguze uzito na wapi tuuache.

Jambo la awali: kibali cha silaha, leseni ya kuwinda na kaliba (aina na ukubwa wa risasi) zinazoruhusiwa hutofautiana nchi hadi nchi, hata mnyama hadi mnyama. Maliza hayo kwanza.

HATUA YA 1: Pima mzigo mzima

Uzito ulioandikwa na kiwanda ni wa bunduki tupu. Wewe hupandi mlima na bunduki tupu. Weka juu ya mizani bunduki, darubini ya kulengea, pete zinazoishikilia, mkanda wa begani na risasi zilizojaa kwenye magazini. Bunduki iliyotangazwa kuwa na kilo 2.7 hufika kilo 3.5 bila wewe kushtuka.

Mimi nalenga kilo 3 hadi 3.5 kwa jumla hiyo. Chini ya kilo 3 inawezekana kabisa. Kimber Mountain Ascent, kwa mfano, ina kilo 2.2 hivi kabla ya darubini. Lakini bunduki ya namna hiyo inataka mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara, maana kila kosa dogo la mkono, bega au kidole linaonekana kwenye shabaha. Kwa mwindaji anayepanda mara chache kwa mwaka, gramu mia tatu za ziada ni rafiki.

HATUA YA 2: Chagua kaliba kabla ya bunduki

Wengi hufanya kinyume, wanapenda bunduki kwanza. Lakini kaliba ndiyo inayoamua uzito unaweza kushuka hadi wapi, kwa sababu ya msukumo unaorudi begani.

Hesabu yake ni fupi. Kwa risasi ileile, nguvu ya msukumo huongezeka kwa kadiri uzito wa bunduki unavyopungua. Toka kilo 4 hadi kilo 3, na bega linapokea theluthi moja zaidi. Sasa ongeza baruti: .308 Winchester hubeba gramu 3 hivi, .300 Winchester Magnum inakaribia gramu 5, tena hurusha kichwa cha risasi kizito zaidi kwa kasi kubwa zaidi. Ukiziweka .300 na 6.5 Creedmoor kwenye bunduki zenye uzito sawa wa kilo 3.2, .300 inakupiga zaidi ya mara mbili. Mtu anayepigwa hivyo huanza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, na hapo ubora wote wa chuma haumsaidii.

Kwa wanyama wengi wa milimani, yaani mbuzi na kondoo mwitu wa kila aina, huhitaji kaliba kubwa. Shamua wa milima ya Alps, mnyama wa jamii ya mbuzi, ana kilo 25 hadi 60 tu. Hata mbuzi mweupe wa milima ya Amerika Kaskazini, ambaye dume lake hupita kilo 100, anaangushwa vizuri na kaliba za kati risasi ikikaa mahali pake. Kwa hiyo angalia hizi:

.308 Winchester (1952), 7mm-08 Remington (1980) na 6.5 Creedmoor (2007) zote ni fupi, hivyo bolti (komeo la chuma linalofunga risasi ndani) na kisanduku chake huwa vifupi na vyepesi. .270 Winchester (1925) inahitaji kisanduku kirefu, kwa hiyo unalipa gramu kadhaa, ila inaruka kwa mstari ulionyooka. Mwandishi wa uwindaji Jack O'Connor aliisifu maisha yake yote na aliwinda nayo kondoo wa milimani, na sioni sababu ya kumbishia. Mimi binafsi ningechukua 7mm-08, hasa kwa mtu mwenye mwili mdogo. Ila uliza kwanza risasi zake zinapatikana kirahisi au la; kaliba nzuri isiyo na risasi ni fimbo ya kutembelea.

HATUA YA 3: Mtutu

Hapa ndipo watu wanapokata zaidi, na hapa ndipo ninapowaomba mkate kwa woga.

Uzito wa mtutu una faida. Uzito ulio mbele ya mkono wako wa kushoto ndio unaozuia mdomo wa bunduki usicheze. Mtutu mwembamba sana, wa milimita 14 hivi mdomoni, ukiambatana na kitako chepesi, huifanya bunduki iyumbe kwa kila pumzi. Halafu mtutu mwembamba huchemka upesi. Risasi ya kwanza na ya pili zinakaa pamoja, ya tatu inaanza kuhama, ya nne usiiulize. Huo si ubovu lazima. Mlimani mara nyingi utapiga moja, pengine mbili. Kosa ni kuupima kwa kupiga kumi mfululizo kisha kuilaumu bunduki.

Njia bora ya kupunguza ni urefu. Kaliba fupi nilizotaja zinafanya kazi vizuri na mtutu wa sentimita 51 hadi 56. Kila sentimita 2.5 unayoipoteza inakugharimu takriban mita 6 hadi 10 kwa sekunde za kasi, na mnyama aliye mita 250 hatambui tofauti hiyo. Wewe utaitambua pale bunduki itakapoacha kukwaruza miamba na matawi ikiwa imefungwa kwenye begi la mgongoni. Kwa kaliba za magnamu, yaani zenye baruti nyingi kama .300, usifupishe hivyo: baruti nyingi inaungulia nje, unabaki na kelele na moto.

Mitutu iliyozungushiwa nyuzi za kaboni ni mizuri na ina bei yake. Inakupa mtutu mnene, mgumu, usio na uzito wa chuma kitupu. Lakini usidhani ni nyepesi kuliko mtutu mwembamba wa chuma. Mara nyingi ni mizito kidogo. Mitutu yenye mifereji huokoa gramu chache tu, na nyingine ni urembo.

HATUA YA 4: Kitako

Nasema kitako nikimaanisha mwili wote unaoshikilia chuma. Mbao ni nzuri machoni, lakini ukungu na theluji huzifanya zivimbe, zikabane mtutu, na risasi ikahama kutoka pale ulipoilinganisha. Plastiki ya bei nafuu haivimbi, ila nyingi hupinda sehemu ya mbele ukiegemeza juu ya jiwe. Zijaribu kwa mkono: bana mbele pamoja na mtutu. Kama plastiki inagusa chuma kirahisi, pita. Faiba na kaboni zilizotengenezwa vizuri ndizo zinazofaa, na hapa punguza gramu bila huruma, kwa kuwa uzito wa nyuma haukusaidii kutulia.

Usisahau mpira wa begani. Kitako kilichonyooka na mpira mnene laini hupunguza maumivu kuliko watu wanavyodhani.

HATUA YA 5: Darubini

Nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa kisanduku cha titani ili waokoe gramu mia mbili, kisha wakafunga juu yake darubini kubwa ya 5-25x56 (hukuza mara 5 hadi 25, kioo cha mbele milimita 56) yenye karibu kilo nzima. Hapo umebeba mzigo juu, mahali pabaya zaidi, na bunduki inataka kulala upande.

Darubini ya 3-9x40 yenye gramu 350 hadi 400 inatosha hadi mita 300 na kidogo zaidi. 2.5-8x36 ni bora zaidi kwa bunduki ndogo. Tumia pete za alumini, utaokoa kama gramu mia hivi kulinganisha na za chuma. Kaza skrubu kwa kipimo cha kiwanda, si kwa hasira.

HATUA YA 6: Kifyatulio na madogo mengine

Fikiria bunduki ya kilo 3 yenye kifyatulio kinachotaka kilo 2.5 kukivuta. Kidole kinaivuta bunduki nzima pembeni. Lenga kilo 1.1 hadi 1.4. Usishuke chini sana, kwa sababu vidole vyenye baridi au glavu havina hisia.

Safisha mafuta mazito kwenye bolti kabla ya kwenda kwenye baridi kali. Huganda na pini ikagonga kwa uvivu. Funika mdomo wa mtutu kwa kipande cha utepe kuzuia theluji na matope. Mkanda uwe wa kawaida, usioteleza begani.

HATUA YA 7: Ijaribu ikiwa baridi

Piga risasi moja mtutu ukiwa baridi. Acha upoe kabisa. Piga nyingine. Fanya hivyo hata siku tofauti, kwenye karatasi ileile. Zikikaa ndani ya sentimita 4 kwa mita 100, bunduki hiyo inafaa. Kisha ondoka kwenye meza: kaa chini, egemea begi, kimbia kidogo kabla ya kupiga. Majibu ya mezani hayakuambii lolote kuhusu bunduki nyepesi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Vipi nikifunga kipunguza msukumo mdomoni, si naweza kubaki na .300 yangu kwenye bunduki nyepesi?

Jibu: Unaweza, na kinafanya kazi kweli. Ila kelele inakurudia wewe na aliye kando yako, na mlimani watu husahau vizuia masikio kwa sababu ya haraka. Risasi moja inatosha kudhuru masikio. Pia hupeperusha vumbi au theluji ukilala chini. Kama sheria ya kwako inaruhusu kiwambo cha kuzuia sauti, hicho ni bora zaidi: kinapunguza vyote viwili, ingawa kinaongeza gramu 300 hivi na urefu. Kwa hiyo anza na mtutu mfupi.

Swali: Nikilenga chini bondeni risasi inapita juu ya mnyama. Tatizo ni bunduki?

Jibu: Hapana ndugu, ni pembe. Mvutano wa dunia huhesabu umbali wa usawa (mlalo), si ule wa mteremko. Mnyama aliye mita 300 kwa pembe ya nyuzi 30, mpigie kama yuko mita 260. Kwa nyuzi 45 ni mita 212. Ni vilevile ukilenga juu, risasi hupanda kuliko ulivyotarajia. Ongeza na hewa nyepesi: kwenye mita 3,000 juu ya bahari hewa imepungua kwa robo hivi, hivyo risasi huanguka kidogo zaidi ya pale chini. Ukifika kambini, thibitisha tena shabaha.

Swali: Samahani, hapo mwisho umesema "huanguka kidogo zaidi". Inaongezeka au inapungua?

Jibu: Umenibana vizuri. Inapungua: hewa nyepesi haiikwamishi risasi, inafika mapema, inashuka kidogo kuliko pale chini.

Swali: Bunduki ya risasi moja ya kuvunja katikati mnazionaje? Nimeona wawindaji wa Alps wanazo.

Jibu: Ni nzuri sana kwa mwenye nidhamu. Hazina bolti ndefu, hivyo unapata mtutu mrefu ndani ya bunduki fupi, na zinafunguka vipande viwili zikaingia kwenye begi. Risasi ya pili inachukua muda, hilo ndilo tatizo lake. Kwa shamua wa karibu na mwindaji mtulivu, sina pingamizi.

Swali: Kwetu wanataka risasi zisizo na madini ya risasi. Itabadili chaguo langu?

Jibu: Kidogo. California, kwa mfano, iliifanya kuwa lazima kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu na kinataka mtutu unaokizungusha upesi zaidi. 6.5 Creedmoor kwa kawaida huzungusha mara moja kila inchi 8, haina shida. .270 za zamani huzungusha kila inchi 10, basi chagua kichwa chepesi kidogo na ujaribu aina mbili tatu kabla ya msimu.