Ngazi za kijia kwenye ukumbi wa viti vya duara: jinsi ya kuzipima zisikataliwe na inspekta

Kijia ni ile njia ya kupita kati ya viti. Hii ni kwa mafundi na wachora ramani walioko Marekani wanaopewa kazi za kumbi za maigizo, maana hapo ndipo IBC, zile kanuni za ujenzi, inakubana kweli. Ngazi ya kawaida ukikosea kidogo unarekebisha ila kwenye kumbi vidato vinafuatana thelathini arobaini, kosa la kidato cha kwanza linakufuata mpaka juu.

Hatua ya 1. Uliza mji unatumia toleo gani. Kila jimbo linachukua toleo lake na kulitia viraka vyake, na namba za vifungu zinahama, toleo la 2012 mambo ya kumbi yako 1028, la 2015 na 2018 yako 1029, la 2021 yameenda 1030. Usibishane na mtu kabla hamjajua mnasoma kitabu kimoja.

Hatua ya 2. Jua unajenga kitu gani kati ya viwili. Kuna kijia kilichonyooka kinachokata safu za viti zilizopinda, na kuna ngazi yenyewe inayopinda, mfano inayozunguka na ukuta. Watu wanavichanganya sana, na sheria zake sio moja.

Hatua ya 3. Vipimo vya msingi vya kijia. Viti pande zote mbili, upana usipungue inchi 48, ila kikihudumia viti chini ya 50 unaruhusiwa 36, na viti upande mmoja tu ni 36. Tredi (pale mguu unapokanyaga) isipungue inchi 11. Raiza, yaani kimo cha kidato, kuanzia 4 mpaka 8, na unaweza kufika 9 pale tu mwinuko wa viti unapolazimisha ili watu waone jukwaa. Mteremko ukizidi 1 kwa 8 sahau rampu, weka vidato.

Hatua ya 4, na hapa ndipo nilipochomeka mimi. Safu za viti ni duara, kwa hiyo ukingo wa kila jukwaa la safu umepinda. Safu ikiwa na kina cha inchi 36 na inapanda 13.5, unaigawa mara mbili, raiza 6.75 na tredi 18, safi kabisa. Sasa mimi kile kidato cha katikati nilikikata ubao ulionyooka maana ni rahisi, nikajiambia nani ataona, kumbe ukipiga hesabu, upana 48 kwenye nusu kipenyo cha futi 20, mkunjo wake (pengo kati ya ubao ulionyooka na duara pale katikati) ni 48 mara 48 gawanya kwa 8 mara 240, inatoka inchi 1.2. Yaani tredi ya chini inakuwa nyembamba katikati na pana pembeni, ya juu yake kinyume, na kanuni inataka tredi mbili zinazofuatana zisipishane zaidi ya 3/16 ya inchi. Inspekta alipiga futi kushoto, katikati, kulia, hakusema neno, akaandika tu. Nilibomoa vidato vyote vya kijia kile.

Dawa ni hii, chagua moja, ama vidato vyote vipinde kwa kitovu kimoja ama vyote vinyooke na kulingana. Ukitaka vya kupinda piga msumari kwenye kitovu, funga waya (sio kamba, kamba inavutika) na uchore kila ukingo kutoka msumari huohuo, tredi itatoka sawa popote utakapopima.

Hatua ya 5. Ngazi yenyewe ikipinda, nusu kipenyo cha upande wa ndani kisipungue mara mbili ya upana. Upana 48, ndani 96. Tredi inapimwa inchi 12 kutoka upande mwembamba, pale iwe 11 au zaidi, na penye wembamba kabisa isishuke chini ya 10. Anza na ile 10, usianze na 11. Ukiweka 10 kwenye nusu kipenyo cha 96, pale kwenye 108 (96 na zile 12) unapata 11.25, nje kabisa 15, umepita kote. Ukiweka 11 kwenye 108, ndani inakuwa 9.8, umeanguka.

Hatua ya 6. Reli ya kushika, kimo 34 mpaka 38. Ikikaa katikati ya kijia lazima uikate kila baada ya safu zisizozidi 5 ili watu wavuke upande wa pili, mwanya uwe 22 mpaka 36, na chini yake reli ya pili inchi 12 kutoka ile ya juu. Alafu kati ya reli na kiti zibaki inchi 23.

Mstari wa rangi ukingoni mwa kila tredi, upana inchi 1 mpaka 2, na kama raiza zinapishana zaidi ya 3/16 kwa sababu ya mwinuko wa viti, hapo mstari uwe tofauti na mingine yote. Pima kila kitu kabla ya kapeti, likishalazwa ukingo halisi huuoni tena na gundi yake haiachii kirahisi.