Kumtunza msanii kwa simu: maelezo ya wakala wa Mwanga

Kwenye harusi za Ujiji hakuna anayefundishwa kutunza. Mwimbaji akikugusa moyo unanyanyuka na noti yako, unacheza hadi mbele, unamwekea mkononi, na ukumbi mzima unaona. Kwenye simu kuna mikono mingine katikati, nayo huioni. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Mwanga, Kigoma. Kila wiki dirishani hakosi mtu anayeweka salio ili akamrushie msanii maua. Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka, ngoja niandike.

Kwanza muulize msanii mwenyewe. Kuna kijana wa mtaani kwetu, anaimba Kiswahili akichomekea Kiha, tulimrushia zawadi miezi mitatu mizima. Kumbe akaunti aliisajili kwa jina la rafiki yake, na rafiki ndiye aliyekuwa akitoa hela. Siku hizi nauliza hivi: "Nikikutumia huku, unazipataje?" Akianza kujikuna kichwa, noti yangu inarudi mfukoni.

Tuje kwenye TikTok, maana ndiko wengi waliko. Unanunua sarafu, halafu wakati wa laivu unazigeuza kuwa zawadi. Waridi moja ni sarafu moja. Msanii hapokei sarafu, anahesabiwa almasi, yaani pointi anazobadili kuwa hela, na jukwaa linabaki na takriban nusu ya thamani. Ukitoa shilingi 10,000, mhesabie kijana kama 5,000. Sarafu zinazonunuliwa kupitia tovuti yao kwenye kivinjari huwa nafuu kuliko zile za ndani ya programu, kwa sababu duka la programu nalo linachukua chake. Huko utahitaji kadi, na pochi za simu zinakufungulia kadi ya mtandaoni. Iwekee kiasi unachotaka kutoa tu, usiiache na hela ya dagaa. Na chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua wala kutuma, kwa hiyo wazazi, namba ya siri ibaki siri. Mama mmoja muuza mawese mtaji wake uliishia kwenye laivu ya mtu asiyemjua, mwanawe akiwa kitandani anacheka.

Zile mechi za laivu, wasanii wawili wanashindana nani karushiwa zaidi, mimi sishiriki. Dakika tano za kelele, wapenzi wamekamuliwa, wimbo haujaimbwa. Nangoja mechi iishe, aimbe, ndipo narusha.

Kama huna hela lakini una bando, nenda YouTube, na hapa nisikilize vizuri maana ndipo wengi wanapokosea. Chaneli ya muziki ili igawiwe hela ya matangazo inahitaji watu 1,000 waliosabskraibu, na ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Chukua hesabu ya saa. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wa dakika nne, lazima utazamwe mwanzo mpaka mwisho mara 60,000. Sasa wewe unaupakua, unautupia kwenye stetasi ya WhatsApp, unamchomekea jirani kwenye memori kadi, unaona umemsaidia kijana. Umemtangaza, sawa, lakini dakika hata moja haijaingia kwenye hesabu yake. Tuma linki. Mwambie jirani afungue kule kule, asikilize mpaka mwisho. Na saa zile hazijazwi na video fupi za kupitisha kidole, hizo zina hesabu yake.

Vijana wa stendi walikuja na akili yao: simu sita, sauti imezimwa, wimbo unazunguka usiku kucha. Msifanye hivyo, jamani. Mitambo inatambua utazamaji wa bandia, na chaneli inaweza kuondolewa kwenye mgao. Vilevile ule mtindo wa "nisabskraibu nikusabskraibu", YouTube inaukataza. Na hata akivuka masharti yote, halipwi mpaka afikishe dola 100, kwa hiyo msimwite mchoyo mwezi wa kwanza.

Kuna majukwaa mengine, kama Steemit iliyoanza 2016 na Hive iliyojitenga nayo 2020, ambako hununui zawadi kabisa. Unapiga kura kwenye chapisho la msanii, baada ya siku saba malipo yanagawanywa: nusu kwa aliyechapisha, nusu kwa waliopiga kura. Yaani shabiki naye anapata. Kura ya mwenye akiba kubwa ndani ya mtandao ina uzito, yako ya mgeni itakuwa manyoya. Malipo ni sarafu za kidijitali, bei hupanda na kushuka, na Benki Kuu yetu ilitangaza mwaka 2019 kwamba hizo si fedha halali nchini. Mimi naziangalia kwa mbali.

Njia fupi kuliko zote ni kumtumia kwenye namba yake. Makato ni yale ya kutuma na kutoa tu, zilizobaki ni zake. Lakini wote tunaijua ile meseji ya matapeli, "hela tuma kwa namba hii". Mwaka jana akaunti yenye picha ya mwimbaji ninayempenda iliniandikia usiku, inaomba mchango wa kurekodi video. Nami wakala mzima nikatuma 20,000! Jina lilipotokea kabla ya kuthibitisha sikulisoma. Asubuhi nikampigia mwenyewe, hata studio hakuwa na mpango nayo. Kwa hiyo namba ichukue kwake ana kwa ana, au kwenye laivu akiitamka kwa mdomo wake, kisha usome jina kabla ya kubonyeza.

Kijana wetu sasa ana akaunti ya jina lake, na laivu zake anazipanga kwa mwezi wa angani. Usiku wa giza wapenzi wake wa Kibirizi na Katonga wako ziwani na taa zao wanavua dagaa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wako nchi kavu, simu mkononi. Kwa kawaida dirisha nafunga saa mbili usiku. Siku hizo nafunga saa nne.