Jinsi ya kumkumbuka dansa wetu aliyetutoka mapema

Kwanza nendeni kwa mamake. Msipange chochote kabla hajawakubalia, maana nyumba nyengine hazitaki muziki kabla arobaini haijaisha na hilo ni la kuheshimu jamani, kaeni naye mkekani mumwambie pole mama, halafu mumsikilize.

Kazi kubwa ni video. Simu zinaibiwa kwa matatu, zinaanguka majini pale feri, na ikipotea ndo imepotea, kwa hivyo wiki hiyo hiyo kusanyeni kwa kila mtu. WhatsApp inapunguza ubora wa video, bora mutume kama faili ama mukutane muhamishe kwa flashi mbili, moja ikae kwa mamake. Andikeni ilikuwa wapi, lini, nani yuko pembeni. Zile za mazoezi anateleza anacheka musifute, mimi naona hizo ndizo zinamrudisha kabisa, wallahi kuliko za stejini. Lakini za chakacha kwenye harusi za wanawake musirushe mtandaoni, watu walikuwa wamevua mabuibui.

Siku yenyewe, Mama Ngina Waterfront, ile bustani ya ufuoni hapa Mombasa, ni pazuri, jioni jua likipoa, baada ya alasiri na mumalize kabla ya magharibi. Kama kuna spika kubwa ombeni ruhusa ya kaunti mapema.

Musifanye mashindano. Chagueni stepu yake moja, ile kila mtu anaijua ni yake, muwafundishe watoto wa mtaa polepole, na mukiicheza pamoja muache nafasi yake katikati wazi.